Besi ya gari hainyonywi kwa sponji la godoro. Wakuu, tuongee kabla hamjajaza milango

Fundi_Sae:

Heshima kwenu wakuu, wa Mbeya, Iringa, Njombe na popote mlipo.

Wiki iliyopita imeletwa Noah hapa kijiweni kwangu, Sae, Mbeya. Mwenye gari anasema redio nzima, spika nzima, ila mlango wa abiria wa mbele unanuka, na ukiufunga unasikia kitu kinacheza ndani kama debe lenye maji. Nikavuta trimu, ule mfuniko wa ndani wa mlango. Mlango wote umejazwa sponji la godoro, vipande juu ya vipande, limeshindiliwa mpaka kwenye reli ya kioo. Nikachomoa kipande cha chini kabisa, nikakiminya, yakatoka maji ya rangi ya chai, kama nusu kikombe. Vile vitundu vya kutolea maji chini ya mlango aliyefanya kazi alishaviziba kwa gundi. Nikagusa bati la pembeni kwa bisibisi, bisibisi ikapita.

Kutu tumeizoea. Kilichoniuma ni sababu ya kazi yenyewe. Jirani yake alimlalamikia kwamba sabufa, ile spika kubwa ya besi, inamwamsha mtoto usiku. Huyu bwana ni muungwana, hakubishana, akaenda kutafuta mtu wa "kunyonya besi" isitoke nje. Akalipa. Besi ikaendelea kutoka vilevile, mtoto akaendelea kuamka, na mvua zilipoanza mlango ukaoza. Nimefunga redio za magari miaka kumi na mbili sasa na sikumbuki mwaka hata mmoja bila kukutana na gari la namna hii. Ndiyo maana naandika kwa urefu, mnivumilie.

Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, hewa ikiwa na nyuzi joto 20. Ukigawa kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani hezi, unapata urefu wa wimbi moja. Sauti ya hezi 4,000, kama ule mchakacho wa kayamba, wimbi lake ni sentimita 8 na nusu hivi. Besi ya hezi 40 wimbi lake ni mita 8 na nusu. Noah nzima, kutoka bampa hadi bampa, haifiki mita 5. Yaani wimbi la besi ni refu kuliko gari unalotaka kulifungia ndani yake.

Sasa sponji linafanyaje kazi? Hewa inapita kwa kasi kwenye vile vitundu vyake, inasuguana na kuta zake, nguvu ya sauti inageuka joto kidogo sana. Lazima hewa iwe inakwenda na kurudi hapo sponji lilipo. Chukua kamba, ifunge kwenye mti, uitikise. Katikati kamba inaruka juu na chini, lakini pale ilipofungwa haiendi popote, mti unavutwa tu. Hewa iliyo karibu na bati ni kama ile kamba pale kwenye fundo: inabanwa na kuachiwa, haitembei. Ili sponji lifanye kazi yake vizuri linatakiwa lifike robo ya wimbi kutoka ukutani. Kwa kayamba ni sentimita 2, na kapeti na siling ya gari vinatosha kabisa. Kwa hezi 40 ni zaidi ya mita 2 za sponji. Ukiweka hilo kwenye Noah, wewe utakaa wapi?

Na chini ya hezi 50 au 60 mambo yanabadilika zaidi. Hapo hakuna tena wimbi linalotembea kutoka dashibodi hadi buti. Hewa yote ya ndani inabanwa kwa pamoja na kuachiwa kwa pamoja, kama kwenye pampu ya baiskeli uliyoziba tundu kwa kidole. Ndiyo sababu sabufa ndogo inatikisa kifua ndani ya gari, na ukiitoa ukaiweka uwanjani inakuwa mnyonge. Jaribu leo: weka wimbo wenye besi ya chini, funga vioo vyote, halafu shusha kimoja. Besi inapungua hapo hapo, kwa sababu umeachia kidole.

Tuje kwenye kuzuia, maana kunyonya na kuzuia ni vitu viwili na wauzaji wengi wanavichanganya. Kinachozuia sauti isipite ni uzito. Ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili unapata kama desibeli 6 za ziada (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kila sauti ikishuka kwa oktavu moja, yaani hezi zikipungua nusu, unapoteza hizo hizo 6. Bati la mlango la milimita 0.8 lina kilo 6 na kidogo kwa mita ya mraba. Kwa sauti ya hezi 1,000 bati hilo linapunguza kama desibeli 29. Kwa hezi 50, kwa hesabu hiyo hiyo, linapunguza kama 3. Ndiyo maana gari likipita na muziki unasikia "dum, dum" peke yake, maneno ya mwimbaji huyasikii. Bati na kioo vimezuia maneno vikaachia ngoma.

Sasa bandika shiti ya butili ya milimita 2, ule mpira mzito unaonata, wenye foili ya alumini juu. Inaongeza kama kilo 3 na kitu kwa mita ya mraba. Faida ya kuzuia ni desibeli 3 na nusu, kwenye bati tu. Vioo umeviacha vilivyo, mipira ya milango imeshachoka, na besi haina shida na njia, inapita popote penye upenyo. Usiniambie umezuia besi.

Msinielewe vibaya, shiti za butili nazifunga kila wiki na nazipenda. Ila kazi yake ni nyingine. Gonga bati tupu la mlango kwa kifundo cha kidole: linalia "deee". Bandika shiti katikati, gonga tena: "tu". Bati limeacha kuimba. Sabufa ikipiga, bati tupu, buti, pleti namba na trimu vinaanza kuimba nyimbo zao, na hizo ndizo kelele mbaya zaidi kwa jirani na kwako mwenyewe. Kwa kazi hiyo hata huhitaji kufunika mlango mzima. Robo ya eneo, katikati ya bati pale linapocheza zaidi, mara nyingi imetosha. Anayekuuzia ufunike kila inchi anauza shiti.

Ninavyofanya mimi: naweka sauti ya mlio mmoja inayopanda taratibu kutoka hezi 20 hadi 100, nazima kila kitu kingine, kijana wangu anakaa ndani, mimi nazunguka gari na kiganja. Mahali nikibonyeza mlio ukakata, naweka alama ya chaki. Kwenye Noah ile, nje ya mlango mbovu, alama zilikuwa tano tu: pleti namba ya nyuma, mfuniko wa taa ya buti, klipu mbili za trimu, na bati la ubavuni nyuma ya tairi. Pleti namba niliibandika povu jembamba kwa nyuma, shilingi chache, na nusu ya kelele za nje ikaondoka.

Kama shida yako ni jirani, basi ujue ukiwa mahali pa wazi kila ukiongeza umbali mara mbili unapunguza desibeli 6. Kutoa gari mita 10 kutoka dirishani kwake ukaliegesha mita 20 kunashinda mkeka wote wa butili. Na haina gharama.

Nawasilisha, karibuni kwa maswali. Picha za kutu nimeweka chini.

---

MzeeWaMafinga:

Kamwene fundi. Nimekusoma mpaka mwisho. Mimi gari langu halina sabufa kabisa, ila kuna mvumo unanikaa masikioni nikipanda kilima, hasa nikiwa na mzigo. Nikikanyaga mafuta zaidi unaisha. Fundi mmoja huku alitaka kunivua kapeti yote aweke lami chini. Ushauri wako?

Fundi_Sae:

Kamwene mzee wangu. Asante kwa kuuliza kabla ya kuvua.

Hiyo nayo ni besi, ila inapigwa na injini. Injini ya silinda nne inawaka mara mbili kwa kila mzunguko. Ikiwa mizunguko 2,000 kwa dakika, unapata mitetemo 67 kwa sekunde, hezi 67, katikati kabisa ya eneo la sabufa. Ukipanda na gia kubwa injini inalemewa, inapiga kwa nguvu kwenye masafa yaleyale ambayo bodi la gari linapenda kuvuma. Ukikanyaga au ukishusha gia mizunguko inapanda, masafa yanahama, mvumo unakata.

Kabla ya lami angalia maunti za injini, vile vishikizo vya raba vinavyoibeba. Raba ikipasuka chuma kinakaa juu ya chuma na mtetemo wote unaingia kwenye chasisi. Halafu ingia chini uangalie raba zinazoning'iniza ekzosi, na kama bomba linagusa popote. Huko ndiko mvumo unakotoka mara nyingi, na ukiuzima kwenye chanzo hakuna cha kunyonya tena. Lami ya sakafuni itakupunguzia mlio wa mawe na wa tairi, huo mvumo utaubakiza. Na siku za jua kali lami ya bei rahisi inanuka ndani ya gari.

MzeeWaMafinga:

Maunti ya kulia imekatika kabisa, nimetoka kuiangalia sasa hivi na tochi. Ubarikiwe.

---

Hiace_Kitonga:

Mkuu mimi swali dogo. Nikiwa barabarani, abiria wa nyuma akifungua kioo chake peke yake, gari linaanza "wup wup wup" masikio yanauma hadi watoto wanalia. Akifungua na wa mbele linaacha. Ni nini hiyo?

Fundi_Sae:

Ushawahi kupuliza mdomo wa chupa ya soda ikalia? Gari lako ndiyo chupa, kioo kilichofunguliwa ndiyo mdomo, upepo ndiyo pumzi. Kwa kuwa chupa ni kubwa, mlio ni wa chini sana, mara nyingi chini ya hezi 20, sikio halisikii noti bali linasikia kusukumwa. Ukifungua kioo cha pili kidogo tu unaharibu ile chupa. Hakuna shiti itakayokusaidia hapo, mwambie kondakta afungue cha mbele sentimita chache, basi.

---

Baridi_Njombe:

Mimi nimenunua shiti za butili nzuri tu, nimebandika Juni, Agosti zote zinaning'inia ndani ya mlango kama nguo kwenye kamba. Nikadhani nimeuziwa feki.

Fundi_Sae:

Zinaweza kuwa nzima kabisa. Umebandika msimu gani na saa ngapi? Asubuhi ya Juni huko kwenu bati ni barafu, na gundi ya butili ikiwa baridi inakuwa ngumu, haikamati. Huku Mbeya mwezi wa sita na wa saba kazi hiyo siigusi kabla ya saa tano. Gari linakaa juani kwanza, shiti nazo nazianika juu ya boneti, na kama kuna mawingu napuliza bati kwa ile mashine ya kukaushia nywele mpaka kiganja kihisi uvuguvugu.

Kabla ya hapo safisha bati kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mlango wa gari lililokwisha pita barabara za vumbi una tabaka la udongo na mafuta ambalo huwezi kuliona. Ukishabandika, pitisha rola ya mkono kwa nguvu zako zote mpaka ile michoro ya foili ilale. Ukibandika kwa vidole tu, umeacha hewa katikati, na shiti yenye hewa nyuma yake haizuii bati kuimba. Jambo la mwisho, vitundu vya maji chini ya mlango viache wazi. Nimeshasema juu, nasema tena.

---

Binti_Ilomba:

Samahani mimi si mtu wa magari. Ninaishi Ilomba, nina mtoto wa miezi minne. Kuna gari linaegeshwa karibu na dirisha letu karibu kila Ijumaa usiku. Vioo vyetu vinatetemeka, mtoto anashtuka. Tumefunga madirisha, tumeweka mapazia mazito, haisaidii. Mume wangu anafikiria kuinua ukuta wa uzio. Utasaidia?

Fundi_Sae:

Pole sana dada yangu. Nimesoma ujumbe wako mara mbili.

Mapazia yatakata sauti za juu tu, kwa sababu ileile ya sponji. Ukuta wa uzio nao, usitumie hela yenu kwa ajili hiyo. Wimbi la mita 8 linauzunguka na kuuruka ukuta wa mita 2 kana kwamba haupo. Ukuta unakinga makelele ya watu na honi, besi haukingi.

Kinachosaidia kiko upande wa mwenye gari. Aondoke hapo dirishani, au apunguze. Muongee naye kwanza mchana akiwa ametulia, wengi hawajui, kwa sababu yeye ndani ya gari anasikia muziki mzima, hajui kwamba kinachowafikia ninyi ni ngurumo peke yake. Akikataa, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, na kuna kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ndio wasimamizi. Mna haki kabisa.

Binti_Ilomba:

Asante kaka. Tutaanza kwa kuongea naye.

---

Kijana_Nzovwe:

Bro heshima, lakini sisi wengine besi ndiyo maisha. Unataka tuzime?

Fundi_Sae:

Hapana mdogo wangu, besi ndiyo inanilisha. Nataka ibaki kwako.

Anza na boksi. Nimeona sabufa za bei mbaya zimefungwa kwenye boksi la mbao nyembamba, ukiweka kiganja ubavuni linacheza kama kifua cha mtu aliyekimbia. Tumia MDF, zile mbao za unga wa mbao uliobanwa, ya milimita 18, weka mhimili wa ndani unaounganisha kuta mbili, ziba kila kiungo kwa silikoni. Kama ni boksi lililofungwa, tia pamba ya mto kiasi ndani yake. Humo pamba ina kazi, inaifanya sabufa ione boksi kubwa kidogo kuliko lilivyo. Kisha milango yako ya mbele: vua trimu, yale matundu makubwa ya bati la ndani yazibe kwa kipande cha alumini au shiti juu yake. Sauti ya nyuma ya spika ikipita kwenye matundu inakutana na ya mbele na kuiua. Ukiyaziba, spika ileile, amplifaya ileile, besi ya mlangoni inakuja ambayo hukuwahi kuisikia. Wateja wengi nikishafanya hivyo wanashusha sabufa wenyewe.

Na kama kweli unachotaka ni kutikisika, kuna vitetemeshi vinavyofungwa chini ya kiti. Vinatikisa kiti na mgongo wako moja kwa moja badala ya kusukuma hewa ya gari zima. Unashusha sabufa, mwili unahisi imepanda. Hicho ndicho kifaa pekee ninachojua kinachokupa besi ya mwilini bila kumpa jirani sehemu yake.

Kijana_Nzovwe:

Hii ya vitetemeshi sijawahi kuisikia. Nakuja Sae Jumamosi. Halafu kuna ile teknolojia ya sauti kuua sauti, si ndiyo ingemaliza yote?

Fundi_Sae:

Ipo, na wazo lake ni la zamani. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, Marekani mwaka 1936. Maikrofoni inasikia, spika inatoa sauti iliyogeuzwa, mawimbi mawili yanauana. Uzuri wake inafanya kazi vizuri zaidi hukuhuku chini, kwa sababu wimbi ni refu na kichwa chako kikisogea kidogo hakitoki kwenye eneo lake. Baadhi ya magari mapya yanayo kwa ajili ya mvumo wa injini na wa barabara, ndani ya gari. Kuzima besi ya sabufa yako isisikike mtaa mzima ni jambo lingine, ungehitaji spika nje pande zote.

---

Mdau_Uyole:

Fundi, mimi ndiye mwenye Noah. Nimeuona uzi, hujanitaja, nimejitaja mwenyewe. Wadau wajue tu kwamba aliyenijazia sponji alinihakikishia kabisa besi haitatoka. Ndaga fijo kwa kunionyesha ile kamba na mti, sasa nimeelewa.

Fundi_Sae:

Karibu sana mkuu. Basi niwape wadau mrejesho, maana wananiuliza inboksi.

Sponji lote tumetoa, milango yote minne, ujazo wa mifuko miwili ya simenti. Milango mitatu iko salama, tumeisafisha na kupuliza dawa ya kutu. Wa nne uko kwa fundi bodi, anakata chini na kuchomea bati jipya. Sabufa tumeishusha desibeli 6, tukachuja kila kilicho chini ya hezi 30, maana ndani ya gari huko chini hakuna muziki mwingi, kuna kusukuma vioo tu. Milango ya mbele tumeziba matundu. Gari sasa linaegeshwa upande wa pili wa nyumba, karibu na geti. Mwanzoni alidhani nyumba itakinga. Nyumba haikingi besi, besi inaizunguka. Kilichosaidia ni umbali, kutoka hatua 8 hivi hadi zaidi ya 20.

Jumapili jioni tulikwenda pamoja kwa jirani, tukaomba tuingie sebuleni kwake huku kijana wangu akipiga wimbo kwenye gari. Televisheni ikiwaka hakuna kinachosikika. Ikizimwa kunasikika kidogo sana, kama mtu anayetembea chumba cha pili. Mama mwenye nyumba alisema hiyo hawezi kuilalamikia, ila ameomba baada ya saa nne usiku izimwe kabisa, na mwenye gari amekubali.

Picha za mlango nitaweka ukitoka kwa fundi bodi.